Maswali ya Wasomaji: Msumeno wa Mkanda na Mbao Zenye Mawimbi

Barua za safari hii zimetoka Mafinga, Njombe, Muheza na Eldoret, na zote zinahusu kitu kimoja: ule utepe wa chuma wenye meno unaozunguka juu ya magurudumu mawili ya mashine ya kupasulia mbao inayohamishika. Katika majibu yangu utepe huo nitauita msumeno, na mtambo wenyewe nitauita mashine, ili tusichanganyane.

Swali: Shikamoo fundi. Nina mashine ya msumeno wa mkanda yenye injini ya petroli ya nguvu za farasi 13, na ninapasua misindano (paina) hapa Mafinga. Mbao zinatoka na mawimbi: mwanzoni inchi moja, katikati inchi moja na robo, kisha zinarudi. Wateja wa Dar es Salaam wanazikataa. Nimekwisha kubadilisha misumeno ya watengenezaji watatu na hali ni ileile. Je, ninunue ya bei ya juu zaidi? — Msomaji, Mafinga

Jibu: Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Ikiwa misumeno mitatu ya watengenezaji tofauti imetoa mbao za namna moja, basi ugonjwa haumo katika misumeno hiyo, bali katika kitu ambacho yote mitatu imekutana nacho, yaani magogo yako, mashine yako au mkono wa anayeiendesha.

Msumeno wa upana wa milimita 32 na unene wa milimita moja hivi hauna uimara wake wenyewe. Ukiushika mkononi unapindapinda kama nyoka. Unachonyookea ndani ya gogo ni hasa mambo mawili, mkazo wa magurudumu na ukali wa ncha za meno. Ncha zikiisha makali, msumeno unaacha kuingia kwa kukata na kuanza kuingia kwa kusukumwa, na kitu chembamba kinachosukumwa kutoka nyuma hutafuta njia ya pembeni. Kwenye msindano jambo hili huonekana upesi kuliko kwenye miti mingine, kwa sababu mbao yake ni laini lakini vifundo vyake ni vigumu, hasa kama shamba halikupogolewa matawi mapema. Msumeno butu hupita vizuri sehemu laini, ukifika kwenye kifundo hupanda juu au huzama chini, na ukishakivuka hurudi polepole kwenye mstari wake. Chukua ubao mmoja uliokataliwa na uangalie wimbi linaanzia wapi. Likianza karibu na kifundo kila mara, anza kushuku makali. Likija kwa mpangilio bila kujali vifundo, shuku mkazo na vigurudumu vya mwongozo, vile vidogo vinavyouelekeza msumeno kila upande wa gogo.

Sasa swali linalofuata ni kwa nini misumeno mipya iwe butu. Magogo ya huko kwenu Mufindi huburutwa hadi kando ya barabara, na wakati wa mvua ule udongo mwekundu hujaa katika mifereji ya gome na kukauka humo kama plasta. Ndani ya udongo huo mna mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha jino. Meno yanaweza kumalizwa zaidi na mita chache za gome lenye mchanga kuliko yanavyochoshwa na mbao safi ya asubuhi nzima. Si lazima umenye gogo lote. Kinachodhuru zaidi ni upande ambao meno yanaingilia, kwa sababu upande wa kutokea udongo husukumwa nje. Mpe kijana mmoja panga na brashi ya waya, abandue ukanda wa gome wa upana wa kiganja kwenye mstari ambao msumeno utaingilia, gogo kwa gogo, na kila gogo linapogeuzwa arudie. Ni kazi ya dakika mbili au tatu. Nimeona wenye mashine wanaolalamikia bei ya misumeno huku wakiona aibu kumlipa mtu wa brashi, na sijawahi kuielewa hesabu yao.

Jambo la pili ni muda. Msumeno uondolewe kwenye mashine baada ya saa moja na nusu hivi ya kukata, wakati bado unakata vizuri, na magogo yakiwa machafu hata kabla ya hapo. Wapasuaji wengi husubiri mpaka mbao zenyewe ziwashitaki, na kufikia hapo meno yamechakaa kiasi kwamba kunoa kunakula chuma kingi na bado ncha hairudi sawasawa. Ukiutoa mapema, unahitaji kuguswa kidogo tu kwenye jiwe.

Kisha pima mashine. Vigurudumu viwili vya mwongozo viukandamize msumeno chini kwa karibu milimita 6 kutoka mahali ambapo ungepita kama visingekuwapo, maana mgandamizo huo mdogo ndio unaouzuia kutikisika. Kile kinachosogezwa kisogezwe hadi karibu kabisa na gogo. Kuna wapasuaji wanaokiacha mbali siku nzima kwa sababu gogo la kwanza lilikuwa nene. Mgongo wa msumeno usiguse ukingo wa kigurudumu unapozunguka bure; pawe na nafasi ya milimita 2 au 3. Kuhusu mkazo, fuata kipimo cha mashine yako, lakini kumbuka kwamba chuma kikipata joto hurefuka, hivyo mkazo ulioweka msumeno ukiwa baridi utakuwa umepungua baada ya mbao za mwanzo. Simamisha, pima tena, kaza.

Mwisho, angalia unga wa mbao uliobaki juu ya ubao baada ya kusimamisha mashine. Ukiwa umeshindiliwa na ni wa moto ukiugusa, meno hayakupindwa nje vya kutosha na msumeno unajisugua kwenye mbao. Ukiwa mlegevu na ubao una mikwaruzo ya wima iliyo wazi, meno yamepindwa kupita kiasi. Unaoutaka ni wa uvuguvugu, unaopeperuka ukiupuliza.

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mama mwenye shamba la miti Njombe, nimechoka kuuza miti iliyosimama na nimenunua mashine ndogo, nayo ni ya nguvu za farasi 13. Muuzaji ananishauri nichukue misumeno minene na mipana kwa sababu "inadumu". Nina misindano na milingoti (mikaratusi). Nichague nini? — Msomaji, Njombe

Jibu: Mama, hongera kwa uamuzi huo. Muuzaji wako hakukudanganya kuhusu unene, ila hakukueleza unadumu kwenye mashine ipi. Msumeno mnene husimama wima zaidi ndani ya gogo, lakini unataka magurudumu makubwa na injini yenye nguvu. Kwenye magurudumu madogo ya mashine kama yako, chuma kinene hukunjwa kwa nguvu zaidi kila kinapozunguka, na mwisho wake ni nyufa.

Tupige hesabu ya kukunjwa huko, kwa sababu ndiyo siri ya chombo hiki. Msumeno wa urefu wa mita 4, unaokwenda kwa mwendo wa kawaida wa mita 25 kwa sekunde, huzunguka mara sita na zaidi kila sekunde. Katika kila mzunguko hukunjwa mara mbili na kunyooshwa mara mbili. Kwa saa moja umekunjwa zaidi ya mara 40,000, kabla hujaongeza joto, mkazo na vifundo. Chagua unene wa milimita 1.07 na upana wa 32, nafasi ya milimita 22 kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino, na uanzie hapo. Misumeno ya unene wa milimita 1.4 na upana wa 38 waachie wenye injini kubwa mara mbili ya yako.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi wengi hawakiulizi, nacho ni mwinamo wa uso wa jino. Jino lililoinama mbele kwa digrii 10 linajivuta lenyewe ndani ya mbao laini, na kwa misindano yako linafaa. Kwenye mlingoti mgumu, au kwenye msindano wenye vifundo vingi, jino la namna hiyo linang'ata kuliko injini ndogo inavyoweza kulisukuma, na hapo digrii 7 huleta utulivu. Digrii 4 ni kwa mbao ngumu sana au zilizokauka. Ningekuwa wewe ningenunua misumeno kumi: saba ya digrii 10 na mitatu ya digrii 7, niifunge rangi tofauti ili kijana asiichanganye, na nisifungue pochi tena mpaka nijue ipi inaniletea mbao nzuri.

Kuhusu mlingoti, tahadhari moja ambayo haitokani na msumeno. Mti huu huishi ukiwa na mvutano ndani yake. Ukiupasua, ubao hujikunja kama upinde na gogo lililobaki nalo hupinda upande wa pili, kisha mpasuo unajifunga na kuubana msumeno. Usipasue upande mmoja mfululizo mpaka katikati. Toa mabanzi, kisha ubao mmoja au mbili, geuza gogo, utoe upande wa pili, uende hivyo kwa zamu. Weka kabari mkononi. Lipasue likiwa bichi.

Na kwa kuwa umeniambia umechoka kuuza miti iliyosimama, angalia faida yako inakaa wapi. Ile misumeno ya duara ambayo huku Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuiita dingdong hula milimita 6 au 7 za mbao katika kila mpasuo, na mara nyingi zaidi ya hapo. Wako, wenye unene wa milimita 1.07 na meno yaliyopindwa nusu milimita kila upande, hula 2 na kidogo. Katika mipasuo kumi umeokoa milimita 40 hadi 50, ambazo ni karibu mbao mbili za inchi moja zilizokuwa ziende kuwa unga. Faida hiyo hupotea yote siku utakapoanza kukata inchi moja na robo ili kufidia mawimbi kama yale ya mwenzako wa Mafinga.

Swali: Fundi wangu wa kunoa anasema misumeno ya siku hizi ni feki, ndiyo maana inakatika baada ya kunolewa mara mbili. Mwingine ananiambia niipumzishe siku mbili kila baada ya kazi ili chuma kipate nguvu. Nimwamini nani? — Msomaji mwingine, Mafinga

Jibu: Misumeno mibovu ipo, lakini kabla hujamhukumu mtengenezaji chukua vile vipande vilivyokatika uvisome, kwa sababu huandika wenyewe sababu ya kifo chao. Ufa ukianzia mgongoni, msumeno umekuwa ukisugua ukingo wa kigurudumu cha mwongozo, aidha kwa kuwa kigurudumu hakikupangwa sawa au kwa kuwa anayesukuma anaulazimisha msumeno butu. Ukikatika kwenye maungio yake, lawama ni ya aliyeuunga. Ufa ukianzia kwenye bonde, yaani pale chini kati ya jino na jino, na nyingi huanzia hapo, basi tumrudie fundi wako.

Futa utomvu kwa kitambaa, ushike msumeno mahali penye mwanga, uangalie mabonde. Ukiona rangi ya buluu au ya kahawia, jiwe limeunguza chuma. Aliyenoa amekandamiza kwa mara moja badala ya kupitisha kidogo kidogo, chuma kimepata joto kali kisha kikapoa ghafla, na pale palipokuwa na ugumu wa kubonyea sasa pana ugumu wa glasi. Kukunjwa mara 40,000 kwa saa hakuhitaji zaidi ya hapo.

Kosa la pili la mafundi wa grinda ya mkono ni kugusa ncha tu. Jino linakuwa kali na mteja anaondoka ameridhika, lakini bonde limebaki kama lilivyokuwa, na ndani yake mna nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho ambazo zilianza siku msumeno ulipoanza kazi. Kunoa kwa kufuata umbo lote, kushuka uso wa jino, kuzunguka bonde na kupanda mgongo wa jino linalofuata, huondoa tabaka jembamba la chuma lenye nyufa hizo na kuupa msumeno ngozi mpya. Ndiyo maana msumeno ulionolewa mapema na kwa umbo kamili hurudi kazini mara nyingi kuliko uliochongwa ncha.

Muulize pia kuhusu seti. Meno hupindwa kwa zamu, moja kushoto, moja kulia, na katika misumeno mingi la tatu huachwa limenyooka. Kiasi cha kawaida ni nusu milimita kila upande. Msindano mbichi unavumilia hadi 0.6, na mbao ngumu kavu zinataka pungufu, 0.45 hivi. Hiki si kipimo cha jicho. Pasipo geji yenye mshale, upande mmoja utazidi, na msumeno utafuata upande uliozidi tangu mwanzo wa gogo hadi mwisho. Aseti kwanza, anoe baadaye, kwa sababu kifaa cha kusetia kikishika ncha iliyokwisha kunolewa kinaweza kuiharibu.

Ama kuhusu kupumzisha, chuma hakilali wala hakiamki na nguvu mpya. Ufa ulioanza hautapona ukutani. Kilicho kweli katika ushauri huo ni hiki: usiuache msumeno umekazwa usiku kucha. Legeza kila jioni, maana magurudumu yanaposimama, sehemu mbili za msumeno hubaki zimekunjwa chini ya mkazo mpaka asubuhi, na mpira wa gurudumu nao unabonyea pale ulipobanwa. Kubadilisha misumeno kwa zamu kuna faida, lakini faida yenyewe inatokana na kwamba kila mmoja unapata nafasi ya kunolewa kabla haujawa butu.

Swali: Huku Muheza tunaletewa miembe ya uani, minazi mizee na mara mojamoja mvule wenye kibali. Msumeno mpya haumalizi hata gogo moja. Tufanye nini? — Msomaji, Muheza

Jibu: Umetaja miti mitatu yenye maadui watatu tofauti. Mvule hutengeneza ndani yake mawe halisi ya chokaa, mengine makubwa kama punje ya hindi na zaidi, na hakuna anayeyaona kutoka nje. Mnazi una ganda la nje gumu sana lenye nyuzi zinazokwaruza, na kadiri unavyokaribia katikati ndivyo unavyolainika. Kwa miti hii msumeno wa chuma cha kawaida utakuwa butu upesi hata ukifanya yote sawasawa, na hapa ndipo ninapokubali bei ya juu: misumeno yenye ncha za metali ngumu inajilipa kwa mtu anayepasua minazi kila siku. Wewe unayepata mvule mara mojamoja endelea na ya kawaida ya digrii 4 au 7, sukuma polepole, na uhesabu msumeno mmoja au zaidi kwa kila gogo ndani ya bei unayomtajia mteja.

Mwembe wa uani ni jambo jingine kabisa. Mti uliokaa miaka 40 karibu na nyumba umefungiwa mbuzi, umetundikiwa kamba ya nguo, umepigiliwa kibao cha duka. Niliwahi kupasua mmoja uliokuwa safi kwa nje, gome zima, bila kovu. Msumeno ulipiga kelele moja kali, nikazima. Tulipofungua gogo tukakuta misumari mitatu mirefu na kitanzi cha waya, vyote vimemezwa na mbao kwa kina cha kidole kizima, na mwenye mti akakumbuka kwamba baba yake alikuwa na bembea pale. Tangu siku hiyo natafuta madoa meusi yenye rangi ya buluu kwenye uso wa gogo lililokatwa, kwa kuwa chuma kikioza ndani ya mti huacha doa hilo, na futi 6 za chini za mti wa uani nazipitisha kigundua-metali cha mkononi. Usipokuwa nacho, tumia msumeno uliokaribia kustaafu kwa mipasuo ya kwanza. Na kila mtu asimame mbali na mstari wa msumeno, maana unaokatika kwa kugonga chuma hutoka kwenye mashine.

Swali: Hujambo mhariri. Hapa tunapasua saipresi na paina. Wengine wanadondoshea msumeno dizeli ili utomvu usigande, wengine maji. Ipi ni sawa? — Msomaji, Eldoret

Jibu: Sijambo, ndugu. Anza na maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, yanayodondoka tone kwa tone na si kumwagika. Kazi yake ni kuzuia utomvu usishike ubavuni mwa msumeno, kwa sababu utomvu ulioganda huufanya uwe mnene kuliko njia iliyokatwa na meno, kisha unapata joto na kulegea. Dizeli huondoa utomvu vizuri, sikatai, lakini inavimbisha mipira ya magurudumu, inaacha harufu kwenye mbao, na unga uliolowa dizeli karibu na injini ya moto ni hatari ambayo haina haja. Ikiwa utomvu umekuzidi kabisa, zima mashine, toa msumeno na uufute kwa kitambaa chenye dizeli nje ya mashine.

Jioni funga bomba la maji kwanza, uache msumeno uzunguke bila gogo kwa muda mfupi hadi ukauke, ndipo uzime na kuulegeza. Unaokwenda kuwekwa stoo upakwe mafuta mepesi, ukunjwe mizunguko mitatu kwa glavu na miwani, na utundikwe mahali pasipo unyevu.